Fundi wa Mirija ya Moyo

Ukifika kwake wakati anasikiliza, usimsalimie. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Ungemkuta kwenye kibaraza cha karakana yake pale Makoko, macho ameyafumba, sikio amelibana kwenye mrija wa mti, na mdomo wa pili wa mrija umekaa kifuani kwa mtoto wa jirani au kwa kikongwe aliyeitwa kutoka njiani. Ukibisha hodi alikuinulia kidole bila kukutazama. Ukibisha tena alikurushia kipande cha ubao. Mimi nilirushiwa mara mbili kabla ya kushika adabu, na kimoja kilinipata kwenye goti.

Simwandiki kwa sababu alikuwa mtu mwema. Wema aliokuwa nao aliuficha vizuri sana. Namwandika kwa sababu niliiua kazi yake kwa uongo, nikakaa na uongo huo miaka kumi na moja, na muda wote huo watu walimcheka yeye badala ya kunicheka mimi. Nilikuwa dresa, yaani yule mhudumu wa dispensari wa kufunga vidonda, kugawa kwinini na kusikiliza vifua. Yeye alikuwa fundi, na sote tulimwita Fundi, hata mkewe.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitasema, maana sijui na sitaki kumsingizia. Wengine walisema ni Mmanyema, wengine wakasema mama yake Mjita. Akiulizwa mwenyewe alijibu, "Mimi ni wa hapa penye keezo." Keezo ndio mtambo wa kukerezea mti: mguu unakanyaga, mti unazunguka, patasi inakula. Lake lilikuwa kuukuu na lilipiga kelele, lakini mjini Musoma wakati ule halikuwepo la pili.

Kabla ya mirija alikereza matendegu ya vitanda, na kwa vitanda, tuseme kweli, alikuwa mzembe. Matendegu yalipendeza machoni, ila viungo vililegea kabla ya mwezi kwisha, na mji mzima ulikuwa na utani kwamba aliyenunua kitanda cha Fundi hana siri na majirani. Ukimrudishia kitanda alikwambia umekilalia vibaya. Mwenye duka mmoja alimrudishia mara tatu, na mara ya tatu Fundi alimwuliza kama amejaribu kulala peke yake. Sikuwahi kumsikia akikiri kosa la kitanda. Ndiyo maana siku alipokiri kosa ambalo halikuwa lake, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika, nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Mirija ilianza wakati wa vita vya Hitla. Mpira wote ulikwenda vitani. Bwana Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa na kifaa cha mpira cha kusikilizia moyo, kama madaktari wote, na joto letu likaupasua ule mpira. Aliagiza mwingine, asipate jibu. Basi akachora kwenye karatasi mrija wa mti wa kizamani, urefu wa shibiri, mdomo mmoja mpana wa kuweka kifuani, wa pili bapa wa kuweka sikio, akaupeleka Makoko.

Fundi aliutazama mchoro, akauliza, "Unataka kusikia nini?"

"Moyo," Daktari akasema.

"Wa nani?"

Daktari akacheka. Fundi hakucheka. Alitaka kujua kama ni wa mtoto au wa mtu mzima, apate kukadiria tundu.

Mirija saba ya kwanza haikusikia kitu. Aliitia jikoni yote, akapikia ugali. Wa nane aliutoboa kwa waya wa moto badala ya keekee, akaulainisha ndani kwa nta ya nyuki, akaujaribu kifuani kwa mkewe aliyekuwa anachambua furu, visamaki vya ziwani, uani. Mkewe alinisimulia mwenyewe: alimwona mumewe ameganda, amepiga goti, sikio limebanwa, mpaka muadhini akaadhini adhuhuri na mtu hakusogea. Hiyo ndiyo swala pekee anayoijua yeye ambayo Fundi aliichelewesha kwa kusahau. Aliposimama alimwambia, "Kumbe muda wote huu kuna mtu humo ndani anafanya kazi, na mimi sijawahi kumsikia."

Kutoka hapo ikawa kazi. Dispensari moja ikaomba, ya pili ikaomba, na katika miaka michache mirija yake ilikuwa imefika Bunda, imefika Butiama, na mmoja ulivuka maji mpaka Rukuba kwa mkunga aliyezalisha wake za wavuvi. Jumla ilikuwa ishirini na miwili. Kwa kiwanda cha Ulaya hiyo si kitu. Kwa mtu mmoja mwenye keezo la mguu, aliyekataa kuuza mrija ambao haujasikia vifua vitatu, ilikuwa nyingi. Vifua vitatu ndiyo ilikuwa sheria yake: cha mtoto, cha mwanamke, cha mzee. Ukikosa kimoja, mrija ulirudi kwenye keezo. Ukisikia vyote vitatu, alichoma duara dogo kwenye ukingo wa mdomo mpana kwa ncha ya msumari wa moto. Hakujua kuandika. Duara lile ndilo lilikuwa jina lake.

Watu, kama ilivyo kawaida yetu, walidhani amepata zaidi ya alichopata. Mtu anayesikia moyo, walisema, anasikia na yaliyomo moyoni. Vijana walikuja kuomba awasikilizie wachumba. Mwanamke mmoja alimleta mumewe akiwa amemshika mkono, akataka aambiwe kama huko Tarime ana mwingine. Fundi aliwafukuza wote kwa nyundo ya mti, na yule mume alimshukuru kwa macho wakati anakimbia.

Halafu likaja baraza. Mzee mmoja wa baraza alimwita asikilize kifua cha mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Fundi alikwenda, maana wito wa baraza haukukataliwa. Akamsikiliza mshtakiwa. Akageuka, akamsikiliza mwenye ng'ombe, ambaye hakutaka. Kisha akaufunga mrija kwenye kitambaa chake.

"Haya, sema," mzee wa baraza akamhimiza. "Nani mwongo?"

"Hawa wote wawili mioyo inakwenda mbio sawasawa," Fundi akasema. "Wote wanakuogopaga wewe. Sasa hilo utalifanyia hukumu gani?"

Walimtoza faini ya ufidhuli. Alilipa kwa matendegu.

Alituchukia madresa. Alisema tunavaa kaptula nyeupe ili watu wasione kwamba hatujui kitu. Hata hivyo Bwana Daktari alitupeleka kwake mmoja mmoja tujifunze, na kwangu mimi, aliyenifundisha kusikiliza ni yeye, si cheti. Alinikalisha kwenye benchi, akafungua shati lake mwenyewe, akaniweka sikio kwenye mrija na msumari mkononi. Nigonge benchi kila nikisikia pigo. Nikikosea alinishika sikio lile jingine akalivuta.

"Mti uguse ngozi," aliniambia. "Ukisikiliza nguo, utasikia nguo."

Alinirudishia hilo kila siku kwa siku tano. Siku ya sita nilijibu kwa ubishi wa kijana kwamba nimeshaelewa. Akanitazama. "Kuelewa ni kitu kidogo, Dresa. Utakujaga kuona aibu, au utakujaga kuona haraka, halafu hapo ndipo tutajua kama umeelewa."

Nilipangiwa dispensari ya upande wa Kabasa, Bunda. Mwaka wa pili nikaitwa kwa mzee mmoja mwenye zizi kubwa na wana sita. Alikuwa amelala homa siku sita, na mchana ule alikuwa amenyamaza kabisa. Nilimkuta kwenye kitanda cha ngozi, amefunikwa blanketi zito mpaka kidevuni, na ndani ya nyumba wake za wanawe wanne wamepiga magoti, wameinamisha vichwa. Asiyezijua nyumba zile hataelewa. Kifua cha baba mkwe hakionwi na mke wa mwanawe, awe mzima au mgonjwa. Kukifunua mbele yao ni kumvua nguo mzee na kuwavunjia heshima wote kwa mkupuo mmoja. Dawa yake ilikuwa rahisi: kusema, "Akina mama, nipisheni kidogo." Maneno manne. Mwanawe mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia, pumzi zinamtoka kwa nguvu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliona aibu, nikaona na haraka.

Niliweka mrija juu ya blanketi.

Nilisikiliza. Nilisikia nguo. Nikashika mkono wake nikitafuta mpigo, sikupata kitu.

"Vipi, Dresa?" yule kijana mkubwa akauliza. "Bado yupo?"

"Baba ametutoka," nikasema.

Kilio kilipasuka hata sijasimama. Nilikusanya vitu vyangu, nikaondoka kwa miguu, najiona mtu mzima aliyebeba jambo zito. Kaburi lilianza kuchimbwa zizini jioni ileile, kama anavyozikwa mwenye mji. Kesho yake asubuhi, ndugu wa mbali wameshafika, wakamgeuza mzee ili wamvike shuka, na mzee akaomba maji.

Wachimbaji walikimbia wakaacha majembe ndani ya shimo. Leo watu wa Kabasa wanalisimulia hilo na kushika mbavu. Siku ile hakucheka mtu. Kabla jua halijafika utosini wana wa mzee watano walikuwa mlangoni kwa dispensari na fimbo, na yule mkubwa mbele.

"Ulitaka tumfukie baba yetu anapumua?" akasema, kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo ilinitia hofu kuliko fimbo. "Sema. Ulitaka hivyo?"

"Mrija," nikasema. "Mrija ni mbovu. Hausikii."

Sikupanga. Neno lilijitokea lenyewe, kama mtu anavyokinga uso kwa mkono. Lakini liliwasimamisha. Walinitazama, wakautazama mrija mezani, na nikaona hasira inahama kutoka kwangu inakwenda kwenye kile kipande cha mti. Waliondoka. Nikajua kwamba neno limeshatoka, na sasa linataka ushahidi, maana Bwana Daktari angefika kesho.

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Uongo wa hofu kila mtu amewahi kuusema. Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa utulivu. Niliweka kisu kwenye makaa ya jiko la kuchemshia vyombo mpaka kikawa chekundu. Nikatafuta pa kuutia ufa, nikachagua pale penye duara la Fundi, ambapo mti ulikuwa umeshaungua kidogo na weusi wa kisu usingeonekana. Nikakizamisha. Mti ulilia kidogo, ukapasuka kufuata nyuzi zake mpaka katikati. Nikaujaribu kifuani kwangu, kwenye ngozi. Haukusikia kitu.

Bwana Daktari alikuja kwa gari, na nyuma ya gari alikuwa amemleta Fundi. Watu wa Kabasa walikuwa wamejaa uwanjani. Daktari aliushika mrija, akausikiliza, akatikisa kichwa, akampa mwenyewe. Fundi akaugeuza. Akapitisha ukucha kwenye ufa, polepole, kutoka kwenye duara mpaka mwisho wake. Nilikitazama kile kidole. Nilijua mtu yule anajua mti uliopasuka kwa jua, uliopasuka kwa kuanguka, uliopasuka kwa kukatwa mbichi. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu nikingoja ainue uso na kunitazama mimi.

Hakunitazama. Alitazama duara lake.

"Umefunguka kwenye alama," akasema. "Moto wangu ndio umeufungua." Kisha yeye, mtu yule aliyebishana na mji mzima juu ya vitanda, akawageukia wana wa mzee. "Kosa ni langu. Dresa hana kosa. Nisameheni."

Yule mkubwa alitema mate chini, mbele ya miguu ya Fundi. Fundi hakusogea. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu.

Kama alama ndiyo ilipasua mti, basi kila mrija wenye alama ulikuwa na hatari ileile. Hakuna aliyemwambia hivyo, alijiambia mwenyewe. Akamwomba Daktari ruhusa ya kuikusanya yote, na Daktari, mtu wa taratibu, akaagiza niende naye kama shahidi, niandike kila mrija unaporudishwa. Kwa hiyo nilimbebea gunia. Kwa majuma matatu nilitembea nyuma ya mtu niliyemuua jina, nikibeba mirija mizima gunia likizidi kuwa zito. Tulipanda malori ya pamba, tukatembea, tukalala kwa watu. Kila tulipofika alisema maneno yaleyale: "Mimi ndiye niliyetengeneza hiki. Ni kibovu. Kinaweza kusema mtu amekufa naye yu hai. Nirudishieni." Hakuongeza neno la kujitetea. Wengine walimtukana, wengine walimwonea huruma, na huruma aliipokea vibaya zaidi.

Butiama, dresa wa pale alinivuta pembeni. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mvi.

"Huu wangu unasikia vizuri," akaninong'oneza. "Nimeusikiliza leo asubuhi. Wewe una hakika na ule wako?"

"Nina hakika," nikasema.

"Ulisikilizaga ngozi?"

"Nilisikiliza ngozi."

Akanipa mrija, hakuniaga.

Rukuba tulifika kwa mtumbwi wa wavuvi, ziwa limechafuka, Fundi anatapika na kumlaumu mpiga kasia kama anavyolaumu walalaji wa vitanda. Mkunga wa pale alikuwa mama mfupi, mnene, anakausha dagaa kwenye majani huku akitusikiliza. Fundi alimaliza maneno yake. Mama akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na mrija umening'inia shingoni kwa kamba.

"Huu hauendi popote," akasema.

"Mama, ni mbovu."

"Umekaa na watoto wangu wote wa kisiwa hiki tumboni mwa mama zao. Haujanidanganya hata siku moja. Huyo anayesema hausikii, aletwe hapa nimwangalie masikio."

Fundi akasema, "Ni huyu hapa."

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelikumbatia gunia. Nilijua akiuliza swali moja tu zaidi nitasema yote, na nilimwomba Mungu aulize, na nilimwomba Mungu asiulize. Akasema tu, "Huyu mtoto anaumwa, mrudisheni kwao." Akarudi kwenye dagaa zake. Tulirudi bila mrija ule, na njia nzima Fundi alikuwa anasema ni bahati, ni bahati tu, siku moja utampasukia yule mama mkononi.

Ile mingine alichoma uani kwake Makoko, adhuhuri, baada ya swala. Aliweka mmoja mmoja. Aliposhika wa mwisho aliuweka sikioni kidogo, mdomo wa chini amejikandamizia kifuani kwake mwenyewe ndani ya kanzu, akasikiliza. Uso ulibadilika. Nikafikiri: sasa. Lakini alisema, "Unasikia. Ndivyo unavyomdanganya mtu," akautupa motoni pamoja na mingine. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alinipa chai bila kunitazama, na tangu siku ile hakunitazama tena.

Mpira ulirudi vita vilipokwisha, watu watasema, mirija ingekufa tu. Huenda. Lakini ingekufa kwa heshima. Yeye aliitwa Mzika-wazima, sokoni, msikitini, mpaka watoto waliokuwa wakigombania kusikilizwa vifua wakawa wanavuka njia. Aliacha hata vitanda. Akabaki kuchonga mipini ya majembe. Mimi nilisifiwa kwenye ripoti kwa kugundua ubovu, nikapandishwa cheo, nikahamishiwa dispensari kubwa zaidi. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba cheo kile ni cha juhudi.

Nilihamishiwa Musoma wakati watu walikuwa wameanza kuzungumza uhuru waziwazi vibarazani. Nilikuwa na mke, watoto wanne na baiskeli mbili. Miezi mitatu nilipita njia ya mbali ili nisipite Makoko. Halafu siku moja ya Ijumaa, jembe la mke wangu likavunjika mpini, akasema kuna mzee Makoko anachonga vizuri, na sikupata sababu ya kukataa.

Alikuwa amekonda. Keezo lilikuwa kona, limefunikwa gunia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kuchonga, kisha akaitambua sauti, akainua uso.

"Dresa."

"Ndimi, Fundi."

"Yule mzee wa Kabasa, yu hai bado?"

"Yu hai. Ana wajukuu wanaosoma."

"Alhamdulillahi," akasema, na kisu kikasimama mkononi. "Kila Ijumaa namwombeaga. Miaka yote hii. Nasemaga, Mola, mpe umri, usije ukamchukua mapema nikaambiwa ni lile shimo nililomchimbia."

Nilikuwa nimekuja na hotuba nyingi kichwani kwa miaka kumi na moja. Zote ziliyeyuka. Nilikaa chini kwenye takataka za mbao na kaptula yangu nyeupe.

"Fundi, hukumchimbia wewe. Mrija ulikuwa mzima."

Akaugeuza mpini mkononi.

"Nilisikiliza juu ya blanketi. Wakwe zake walikuwa ndani, nikaona aibu. Ule ufa niliutia mimi. Kwa kisu cha moto, penye alama yako."

Nilingoja nyundo. Nilingoja nirushiwe ubao, na ningeshukuru. Fundi aliweka mpini chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inasogea: Bunda, Butiama, hospitali, na mingine yote, mpaka akafika kwenye mirija ishirini aliyoitia moto kwa mkono wake. Aliporudi kutoka kwenye hesabu ile macho yalikuwa mekundu.

"Ilikuwa mizima," akasema.

"Yote."

"Nikaichoma mizima." Alipumua kwa shida. "Unajua nililiachia nini keezo langu? Nilikuwaga naogopa mkono wangu. Kila nikishika mti nasema, mkono huu ulitaka kuzika mtu. Nikawa siuamini. Mkono wangu mwenyewe, Dresa."

"Nisamehe."

"Hilo ngoja." Alisema kwa ukali wake wa zamani, na ukali ule ulinifanya nilie. "Mnada wa Bunda ni lini?"

"Jumatano."

"Utakwenda mnadani. Utasimama mbele ya watu wa Kabasa, utasema kama ulivyosema hapa. Blanketi, kisu, alama. Jina lako na jina langu."

"Fundi, nitafukuzwa kazi. Nina watoto wanne."

Alinitazama jinsi mtu anavyotazama mti akitafuta fundo.

"Mimi nilijifukuza mwenyewe," akasema, "na sikuwa na kosa."

Nilikwenda. Nilisimama juu ya gogo la kufungia ng'ombe, nikasema yote. Yule mzee wa Kabasa alikuwepo, ameegemea fimbo, na wanawe pembeni yake. Nilipofika kwenye blanketi, mwanamke mmoja kati ya wakwe zake akasema kutoka nyuma, taratibu tu, kwamba wao wanne walijua siku zote halikufunuliwa, ila hakuna mwanamume aliyewauliza. Yule mwana mkubwa, aliyetema mate chini miaka ile, akaondoka mnadani bila kuuza ng'ombe wake.

Barua ya kufukuzwa kazi aliileta tarishi juma la pili. Ilikuwa fupi na ya haki. Nilikuwa bado nimeishika pale mlangoni, mke wangu ananiuliza imesema nini, tulipoona kijana wa Kabasa anakuja na beberu mkubwa mweupe kwenye kamba. Akaamkia, akasema wazee wake walikuwa wamempeleka beberu yule Makoko, kumwomba Fundi radhi, na Fundi amekataa kumpokea.

"Amesema tumlete hapa," kijana akasema, akinyoosha kamba. "Amesema, mpelekeeni Dresa, yeye ndiye hana kazi."

Nilishindwa kujua kama nimetukanwa au nimelishwa, na mpaka leo sijui. Mke wangu ndiye aliyeipokea kamba, maana watoto walikuwa na njaa.